Rush in Rio: kelele za watu 40,000 zilivyonifundisha kurekodi laivu

Mi ni mtu wa albamu za laivu kuliko za studio, na kati ya zote za bendi kongwe za rock nilizonazo, ile ambayo naijua mpaka vikohozi vyake ni Rush in Rio. Na cha ajabu ndo hiyo hiyo inayopondwa sana na watu wanaojua saundi. Ukikaa na mashabiki wa Rush wale kindakindaki watakwambia shoo kali, rekodi chafu, mashabiki wako juu mno, besi inamezwa, hedifoni zinauma, bora usikilize zile za nyuma. Sawa, nimewasikia. Lakini mimi hobi yangu ni kurekodi bendi zikipiga laivu, nabeba maiki zangu na mashine naenda kurekodi washikaji, na nakwambia hakuna albamu iliyonifundisha hiyo kazi kama hii wanayoiita chafu. Hizo safi nilizipenda tu, zikaishia hapo.

Kwa wasiowajua, Rush walikuwa jamaa watatu wa Canada, bendi ilianza Toronto 1968. Geddy Lee anaimba, anapiga besi, anapiga kinanda na huku miguu inakanyaga pedali za besi, yaani mtu mmoja anafanya kazi za watu watatu. Alex Lifeson yuko kwenye gitaa, Neil Peart kwenye drams na ndo alikuwa anaandika mashairi, huyu aliingia 1974. Siku wanarekodi hii albamu, tarehe 23 Novemba 2002, uwanja wa Maracanã kule Rio de Janeiro, Neil ana miaka 50 na hao wawili wana 49. Siyo vikongwe wa mkongojo, ila miziki yao inajulikana, mapigo yanageuka geuka hayatulii, na shoo yenyewe inadumu karibu masaa matatu. Umri hapo unauhisi mwilini hata kama usoni hauonekani.

Na ilibaki kidogo tu isiwepo kabisa. Neil alimpoteza binti yake kwa ajali ya gari 1997, mwaka uliofuata mkewe akafariki kwa saratani, akawaambia wenzake wamhesabu kama mtu aliyestaafu, akapanda pikipiki akapotea barabarani kilomita kama 88,000. Bendi ikalala. Waliporudi na albamu ya Vapor Trails mwaka 2002 hakuna aliyekuwa na uhakika kama drams zitakuwa zile zile, na Brazil ndo walikuwa hawajawahi kukanyaga hata mara moja, karibu miaka 30 tangu albamu ya kwanza watu wanasubiri tu. Usiku mmoja kabla ya Rio walipiga São Paulo mbele ya watu kama 60,000, Rio wakawa 40,000 na ndo ilikuwa shoo ya kufunga ziara nzima. Sa we fikiria mtu amesubiri tangu yuko shule mpaka ana mvi, halafu leo wako pale mbele yake. Huyo hawezi kukaa kimya ili rekodi yako itoke safi, na wala asilaumiwe.

Halafu ongeza mvua. Mvua ilinyesha, malori ya vyombo kutoka São Paulo yakachelewa, mafundi wakafunga mitambo mbio mbio na saundi cheki haikufanyika kabisa. Hakuna. Kwenye usiku ambao unarekodi albamu na video kwa pamoja, kwenye uwanja wa mpira, nchi ambayo ndo umeingia kwa mara ya kwanza.

Kama hujawahi kurekodi laivu labda hapo hujashtuka, ngoja nikueleze. Saundi cheki watu wanadhani ni ya wanamuziki kupasha vidole moto. Kwa anayerekodi ndo muda pekee wa kujua kila maiki itapokea sauti kubwa kiasi gani. Ukiweka levo, yaani kiwango cha sauti inayoingia, juu sana, mpiga drams akipandisha mzuka tu sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi, hata uwe na kompyuta ya aina gani. Ukiweka chini sana unakuja kuipandisha baadaye na kelele za umeme zinapanda nayo. Bila cheki unakisia. Mi nilichojifunza ni kuweka nafasi kubwa juu, yaani niache levo chini kuliko ninavyojisikia vizuri, maana binadamu akiona watu wamejaa mbele yake anapiga kwa nguvu zaidi ya alivyopiga mazoezini, wote wako hivyo, hata yule mpole wa besi anayekwambia "mi napigaga hivi hivi tu kaka, usihofu". Hofu. Shusha.

Na usisahau wao walikuwa na usiku mmoja tu. Deep Purple albamu yao ya Made in Japan ya 1972 walirekodi siku tatu, mbili Osaka na moja Tokyo, wakachagua. AC/DC kule Buenos Aires Desemba 2009 nao walipiga uwanja wa River Plate siku tatu na kamera zinazunguka. Ukiwa na siku tatu, wimbo ukiharibika leo unachukua wa kesho kutwa. Rush hawakuwa na kesho. Nikisikia sehemu Geddy sauti inayumba au drams zimezibwa na watu nakumbuka hilo, siyo kama nawaonea huruma, ila ndo najua ninachosikiliza ni kitu kilichotokea mara moja na kikaisha.

Sasa tuje kwenye hao watu wenyewe.

YYZ. Kama utasikiliza wimbo mmoja tu, sikiliza huo. Hauna maneno, ni vyombo vitupu, umetoka 1981 kwenye albamu ya Moving Pictures. Jina lake ni herufi za kiwanja cha ndege cha Toronto, na yale mapigo ya mwanzo ni herufi hizo hizo zikigongwa kwa msimbo wa Morse, ndo maana unashindwa kuhesabu mbili nne kama nyimbo za kawaida. Bendi inauanza, na nyomi lote la Maracanã linaimba. Linaimba nini sasa, wakati hakuna maneno? Linaimba gitaa! Melodi ya gitaa, nota kwa nota, oo-oo-oo, watu elfu arobaini, na wanaruka kwenye mapigo. Mimi nimesikiliza albamu nyingi za laivu na sijawahi kukutana na kitu kama kile, kuimba korasi yenye maneno kila mtu anaweza, lakini kuimba rifu, yaani kile kipande cha gitaa kinachorudiwa, ambayo mpiga gitaa mwenyewe anahitaji akae chini aifanyie mazoezi, hapana, hao watu walikuwa na huo wimbo mwilini.

Kwenye miksi ya kawaida, yaani pale sauti zote zinapochanganywa kuwa wimbo mmoja, fundi yeyote anayejiheshimu angewashusha. Wako juu ya gitaa, wanagombana nalo kwenye masafa yale yale, maana sauti ya mtu na gitaa zinakaa jirani. Jamaa yangu mmoja ambaye saundi ndo inamlisha, nilimpigia hiyo YYZ kwenye spika kubwa, akasikiliza mpaka mwisho kakunja uso, akaniambia, "Kaka, hii besi iko wapi? Mi nimekuja kumsikiliza Geddy, nasikia watu waliolipa tiketi." Nikamwambia ndo hao hao Geddy alikuwa anawasikiliza. Hatujawahi kukubaliana mpaka leo na nadhani hatutakubaliana.

Lakini hoja yake ina ukweli ndani yake, na ndo ilinifanya nianze kuuliza kwa nini mashabiki wakirekodiwa wanaharibu kila kitu. Jibu siyo ukubwa wa sauti yao, ni kuchelewa. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, yaani kila mita moja inakula kama sehemu tatu za elfu za sekunde. Kidogo sana. Lakini uwanja wa mpira ni mkubwa, mtu aliyekaa mita 100 kutoka jukwaani anasikia pigo la drams karibu sehemu tatu za kumi za sekunde baada ya kupigwa, kama hakuna spika za katikati za kumsaidia. Yeye anapiga makofi sawa sawa kabisa na anachosikia, hana kosa, ila kofi lake nalo linatumia muda ule ule kurudi jukwaani. Jumla inakuwa kama sehemu sita za kumi za sekunde. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde. Kwa hiyo kofi la yule wa nyuma linafika jukwaani limechelewa kwa zaidi ya pigo zima! Na wa katikati wamechelewa kivyao na wa mbele kivyao, wote mchanganyiko. Ndo maana mpiga drams mwenye akili hafuati makofi ya uwanja hata siku moja, akifuata tu bendi nzima inavutwa nyuma mpaka inakufa.

Na maiki ya mashabiki haisikii mashabiki peke yao. Inasikia na spika kubwa za uwanja, zimechelewa. Kwa hiyo ukipandisha maiki za mashabiki ili upate mzuka, unapandisha na drams za pili zilizochelewa juu ya drams za kwanza, snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inakuwa na kivuli, besi inakuwa tope. Hilo tope ndo watu wanalolalamikia Rush in Rio. Dawa yake, au nusu ya dawa, ni kuzivuta zile traki za mashabiki mbele kidogo kwenye kompyuta mpaka pigo lao likae karibu na pigo la jukwaani, na kukata besi yote ya chini kwenye hizo maiki maana mashabiki hawaimbi besi. Nusu tu lakini, kwa sababu ukizivuta zikakaa vizuri na spika, waimbaji wa nyuma bado wamechelewa, na ukizivuta zaidi mpaka wao wakae sawa, makofi ya mbele yanatangulia bendi, inakuwa kituko. Unachagua nani awe sahihi.

Mi sasa nikienda kurekodi naweka maiki mbili za mashabiki karibu na jukwaa, zimegeuzia mgongo spika na kuwatazama watu, badala ya kuziweka nyuma ya ukumbi kama wengi wanavyofanya. Zikiwa karibu zinasikia watu wa mbele ambao ndo wenye fujo nzuri, na kuchelewa kunakuwa kudogo. Hii sikuisoma popote, nimeipata kwa kusikiliza kwanini YYZ inanipandisha nywele na huku inaniumiza masikio kwa wakati mmoja.

Kuna mzee mmoja mwimbaji, bendi yake imepiga miaka mingi kweli, sauti imeshapungua lakini jukwaani bado ni moto. Nilimrekodi yeye na wenzake ukumbini, nikamtengenezea miksi mbili achague, moja safi mashabiki kwa mbali, moja mashabiki wamejaa. Nilikuwa na hakika atachukua safi, wanamuziki wengi wanataka kujisikia wao. Akasikiliza ile safi, kufika korasi akasimamisha.

"Mwanangu, hapa mbona inaonekana nimesahau maneno?"

Nikamwambia, "Mzee, hapo si ulinyamaza?"

"Nilinyamaza makusudi. Hapo wao ndo wanaimba. Ukiwatoa, umenitoa na mimi."

Basi, hiyo sentensi ilinifungulia albamu za laivu za bendi zote kongwe. Bendi changa ikipiga laivu inawaonyesha watu wimbo. Bendi iliyokaa miaka thelathini wimbo ulishagawanywa zamani, kipande kiko jukwaani kipande kiko kwa watu, na mwimbaji anajua vipande vyake ni vipi. Zile nota za juu alizokuwa anazipanda akiwa na miaka 23 hazifikii tena, na hana haja ya kuzifikia kwa sababu anajua zitaimbwa, ananyoosha maiki tu kwa watu. Ukishusha mashabiki kwenye miksi unabaki na mashimo, na msikilizaji anasema "hawa wazee wamechoka". Siyo kwamba wamechoka, wewe ndo umefuta nusu ya bendi.

Rudi usikilize Closer to the Heart kwenye hii albamu ukiwa na hilo kichwani. Wimbo wa 1977, kwenye ziara ile walikuwa wameutoa kwenye orodha, wakaurudisha kwa ajili ya Brazil kwa sababu kule unapendwa kupita kiasi. Usikilize halafu uniambie mwimbaji ni nani. Geddy sauti yake ya miaka ya sabini ilikuwa kali nyembamba inakata kama wembe, ukiweka albamu yao ya laivu ya 1976 iliyorekodiwa Massey Hall pale Toronto utaisikia, na kufika 2002 imeshuka na kunenepa kidogo, mi binafsi naipenda zaidi hii ya utu uzima lakini najua wapo watakaonipiga mawe.

Kitu kingine nilichojifunza hapo ni mpangilio wa nyimbo, hili nawaambiaga bendi zote ninazofanya nazo kazi, hasa zile ambazo vijana wake sasa wana watoto wanaosoma sekondari. Angalia wale jamaa walivyopanga. Nusu ya kwanza inaisha na Natural Science, wanapumzika. Nusu ya pili inafunguliwa na One Little Victory, ile inayoanza na drams peke yake kama mvua ya mawe, yaani Neil ametoka kupumzika ndo anapewa mzigo mzito kabisa, mwili bado una nguvu. Baada ya nyimbo kadhaa inakuja solo yake ya drams, wameipa jina la Kireno O Baterista, na solo ikiisha tu Neil anatoka, Geddy na Alex wanabaki wawili na magitaa ya akustika wanapiga Resist. Watu wanaona ni sehemu ya hisia, taa zimefifia, poa. Ni sehemu ya hisia kweli, lakini pia ni mtu wa miaka 50 anapewa dakika nne tano akanywe maji na kufuta jasho, maana unaofuata ni wimbo wa 2112. Hakuna aliyetangazwa kuwa anapumzika. Bendi changa hawana haya mambo, wanapanga nyimbo kwa kuangalia ipi inapendwa, halafu wimbo wa kumi mpiga drams mikono imekufa na mapigo yanaburuta, rekodi yote ya mwisho haifai.

Kuna na ule mchezo wa mashine za kukaushia nguo. Upande wa Geddy jukwaani badala ya ukuta wa amplifaya zimesimama mashine tatu za kukaushia nguo, kabisa kabisa zinazunguka na fulana ndani. Utani wao, lakini una sababu, Geddy alikuwa ameacha kutumia amplifaya jukwaani, besi yake inaingia moja kwa moja kwenye mitambo, kwa hiyo upande wake ulikuwa mtupu na akaona ajaze na kitu. Kwa sisi wa kurekodi hiyo ni neema, amplifaya kubwa ya besi ikinguruma jukwaani inaingia kwenye kila maiki iliyopo, ya drams, ya kuimba, zote. Siku hizi nikikuta mpiga besi anakubali kuingia moja kwa moja namshukuru mara mbili.

Kuhusu ule ubishi wa kurekebisha studio baada ya shoo sitakaa sana. Unajulikana, Alive! ya Kiss ya 1975 iliguswa sana studio, Live and Dangerous ya Thin Lizzy ya 1978 prodyuza Tony Visconti na bendi walisema vitu tofauti kuhusu kiasi gani ni laivu kweli. Mi sina shida na mtu kurekebisha nota mbili tatu. Shida yangu ni pale wanaporekebisha mpaka ukumbi, wanaweka makofi mapya yenye adabu, yanaanza na kuisha kwa wakati, hapo nazima.

Na kuna faida moja ya Rush in Rio ambayo nadhani haisemwi vya kutosha. Ile albamu ya studio ya Vapor Trails ilitoka imebanwa sauti vibaya mno, kila kitu kiko juu muda wote hakuna pa kupumua, mashabiki walilalamika miaka mpaka ikafanyiwa miksi upya na kutolewa tena 2013. Kwa hiyo miaka ile ya mwanzo, mtu aliyetaka kusikia nyimbo zake kama Earthshine au Secret Touch zinavyotakiwa alikuwa na sehemu moja nzuri ya kwenda, na ni hii hii inayoitwa chafu. Secret Touch ya Rio hasa, pale katikati wanapoachia na kurudi na kuachia tena, hewa ipo, unasikia ukubwa wa sehemu. Mi mpaka leo na ile miksi mpya ipo, bado nachukua ya Rio.

Yale maneno ya Alex kwenye La Villa Strangiato, anaposimama katikati ya wimbo na kuanza kuropoka, wengine wanayapenda. Mi naruka. Video ndo raha yake, unaona sura. Kwa sauti peke yake inachosha ukishaisikia mara moja.

Kingine, watu wanasahau kwamba hii albamu ilivunja utaratibu wao wenyewe. Rush tangu mwanzo walikuwa na kamchezo, albamu nne za studio halafu moja ya laivu, nne halafu laivu, 1976, 1981, 1989, 1998, zote zimefuata hivyo. Hii ya Rio ilitoka Oktoba 2003 baada ya albamu moja tu ya studio. Ningependa kusema ni kwa sababu walijua kilichotokea Brazil hakisubiri, ila nahisi na wao pia walikuwa wanafikiria muda. Watatu hao waliendelea mpaka Agosti 2015, shoo yao ya mwisho pamoja ilikuwa Los Angeles, Neil akafariki Januari 2020. Baada ya Rio walitoa laivu nyingine kadhaa, ile ya Frankfurt ya 2004 ni safi mno, kila chombo kwenye sehemu yake, ukiwa unajifunza kupiga besi au drams chukua hiyo usisumbuke na Rio.

Ukitaka kuisikiliza Rio vizuri weka kwenye spika, kaa mbali nazo kidogo, na fungua sauti. Kwenye hedifoni mashabiki wanakaa ndani ya kichwa chako na kichwa cha mtu hakitoshi watu elfu arobaini. Kwenye spika, chumba chako kinawapa nafasi, zile kelele zinarudi nyuma kidogo na besi inatokeza. Jamaa yangu yule wa saundi hili alikubali, shingo upande, lakini alikubali.

Na ukifika diski ya tatu, mwishoni kabisa kuna nyimbo mbili ambazo siyo za Rio. Between Sun & Moon ya Phoenix na Vital Signs ya Quebec, zote za ziara hiyo hiyo, zimechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya shoo. Hizo ndo dawa ya wanaolalamika, karibu hakuna mashabiki, besi ya Geddy iko pale mbele kavu inang'aa, snea haina kivuli, kila kitu unakishika. Mi nazitumia kama shule. Kabla sijaanza miksi yoyote napiga Vital Signs hiyo, nafuatisha YYZ, halafu najiuliza bendi iliyo mbele yangu inataka kukaa karibu na ipi. Wale wazee wa ukumbini tulikaa karibu na YYZ, ila kwenye beti nilimshushia watu kidogo, aliniomba mwenyewe, alisema mashairi ya beti ya pili watu huwa wanakosea.